Joho la Nikahi na Wito Uliopotea

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu unalala upande, na mpaka leo sijui vizuri wapi maneno mawili huandikwa pamoja na wapi huachana. Nimesoma shule ya msingi tu, na hata huko mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi nikiwa nusu ya kunakili. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua asubuhi nzima. Ukikuta kosa, lipite.

Mimi ni binti wa Mangapwani, lakini naishi mjini na ami yangu, mdogo wake baba. Ni fundi wa kompyuta, ana kiduka Mlandege, kati ya duka la vitambaa na duka la ndoo. Nilikuja kumsaidia kupokea wateja. Kazi hiyo ilinishinda wiki ya kwanza, kwa sababu mtu akiingia mimi natazama chini nikingoja yeye aanze, na yeye anangoja mimi. Ami akanihamisha nyuma, kwenye meza ya kompyuta zilizofunguliwa matumbo, na huko ndiko nilikojifunza.

Programu nazo nilijifunza kwa kunakili. Kwenye kioo mistari inanikimbia, basi naiandika kwa penseli kwenye kaunta buku, mstari kwa mstari, na ninapoandika ndipo ninapoelewa. Kiingereza sijui cha kuzungumza. Lakini maneno ya programu si mengi, na kila moja lina kazi yake, kama vifungo vya redio. Ami alikuwa akinicheka.

"Wenzio wananakili kwa kubonyeza mara moja," alisema. "Wewe unaandika kama unaandika khati ya ndoa."

Ninayotaka kusimulia yalitokea wiki moja, mwaka jana, na yanahusu joho.

Jumapili asubuhi alikuja dukani bibi mmoja mdarizi, anayekaa Mji Mkongwe, jirani yetu wa vichochoro viwili. Alifuatana na mwanawe wa kiume aliyebeba kompyuta kuukuu iliyofungwa kwenye kanga kama mtoto. Bibi yule ana cherehani kubwa ya kudarizi, ya zamani, inayoendeshwa na kompyuta. Kompyuta ndiyo iliyokufa. Cherehani yenyewe nzima.

"Imekufa katikati ya joho," alisema Bi Mkubwa, ndivyo mtaa mzima unavyomwita bibi yule, na akakaa bila kukaribishwa.

Joho lile lilikuwa la marehemu mumewe, alilovaa siku ya nikahi yao. Zari ya ukingo, ule uzi wa dhahabu, ilikuwa imechakaa, akaifumua yote, na akaanza kutia mpya ili mwanawe alivae Ijumaa ile, baada ya Alasiri, akienda kuoa. Upande wa kulia ulikwisha: majani arobaini, na kati ya jani na jani kikonyo cha karafuu. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Nakshi ile aliichora marehemu mwenyewe, kwenye programu ya zamani, na hakuna cherehani mpya inayoweza kuisoma. Kwa mkono Bi Mkubwa angeweza zamani. Sasa macho hayamsaidii, jani moja linamchukua siku.

"Nguo nyengine kama hii hakuna," alisema. "Ikiharibika, imeharibika. Sasa nambie, fundi, unaweza au niende zangu?"

Ami akasema anaweza. Ami husema hivyo kwanza, halafu ndiyo hufikiri.

Bwana harusi akanitazama mimi nyuma ya meza. "Na dada fundi anasemaje? Mie nikikosa joho nivae shuka la kitanda?"

Nilitazama bisibisi. Wakacheka.

Kompyuta ile haikufaa tena, lakini diski yake ilikuwa nzima. Ami akachukua njia ambayo alishawahi kuijaribu kwa mashine nyingine. Kuna programu ya bure, wameiandika watu wa mbali na mistari yake iko wazi kwa anayetaka kuisoma, ambayo inajifanya kompyuta ya zamani. Unaiwasha ndani ya kompyuta mpya, nayo inaumba kompyuta nyingine isiyoshikika: saa yake ya kubuni, kibodi yake ya kubuni, diski yake ya kubuni. Programu kongwe inaamka humo na haijui kwamba imehamishwa nyumba. Kilichobaki kilikuwa kuiongezea cherehani ya kubuni, na waya mmoja wa kweli wa kutoka nje kwenda kwenye cherehani ya Bi Mkubwa. Ami akaandika sehemu hiyo kwa siku mbili, kwa kuiga mifano ya vifaa vingine vilivyomo.

Hapa lazima nieleze jambo moja, na baada ya hapo hakuna gumu tena. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, na huyo ni kama bwana mmoja mwenye kazi nyingi. Hawezi kushinda akimuuliza kila mtu: umemaliza? umemaliza? Kwa hiyo vifaa ndivyo vinavyomwita. Saa inamwita, kibodi inamwita, cherehani inamwita kila inapomaliza mshono mmoja. Akiitwa anaacha alichoshika, anaitikia, kisha anarudi kwenye kazi yake. Mimi nauita wito. Wito wa cherehani ukifika, prosesa inajua mshono umeingia, inaisogeza fremu ya nguo kwa mshono unaofuata. Wito usipofika, prosesa inangoja kidogo, inadhani amri yake haikufika, inairudia, na nguo inasogezwa mara ya pili. Hapo nakshi inahama.

Jumatano asubuhi tulibeba kompyuta mpya mpaka nyumbani kwa Bi Mkubwa, kwenye chumba cha chini ambako cherehani inakaa. Tukatia marikani kwenye fremu, kitambaa cha majaribio tu. Programu ya marehemu ikafunguka, na nakshi yake ikatokea kwenye kioo. Bi Mkubwa akavuta mtandio mdomoni.

Jaribio la kwanza, jani la ishirini na tatu likahama upana wa nyuzi mbili. Ami akasema fremu imelegea, akaikaza. Jaribio la pili lilihama jani la tisa. La tatu, jani la thelathini na moja. Ubaya ulikuwa huo, kwamba haukuwa na mahali pake. Ubovu wenye mahali unaweza kuungojea. Huu ulikuwa unakuja unapotaka.

Ami akaongeza subira, maana yake akaiamuru kompyuta ya kubuni iende polepole. Likapita jaribio zima bila kosa, majani yote arobaini. Na jingine tena. Bi Mkubwa akapiga kigelegele kimoja, kifupi, kama mtu anayejaribu kama sauti bado ipo.

"Kesho asubuhi tunatia joho," ami akasema.

Mimi sikupenda. Sikujua kwa nini sikupenda, basi baada ya Alasiri nilikaa na kaunta buku na kunakili njia nzima ya wito, kuanzia kwenye cherehani ya kubuni mpaka kwa prosesa. Nikaona kwamba wito haukwenda moja kwa moja. Cherehani ilimwambia dalali wa kwanza, mwenye jedwali la namba. Dalali wa kwanza akamwambia wa pili, aliyegeuza namba ile kuwa namba nyingine. Wa pili ndiye aliyevuta kamba ya prosesa. Niliandika mstari wake: vuta. Nikaandika unaofuata: achia. Penseli ikasimama hapo.

Alikuwa anavuta na kuachia papo hapo, bila kungoja kuitikiwa. Na prosesa ina nyakati fupi ambazo hufunga mlango, wakati inamshughulikia mwingine, kwa mfano saa. Wito ukifika wakati ule na kamba ikaachiwa kabla mlango haujafunguliwa, ndiyo basi, kama hukuita. Kwenda polepole hakukuondoa kitu. Kulipunguza tu nafasi ya saa na cherehani kugongana.

Niliijua tabia ile. Nilipokuwa mdogo, mwezi wa Ramadhani, mama alikuwa akinituma nipeleke sahani ya futari kwa jirani. Nilikuwa nasimama mlangoni, nasema "hodi" mara moja, tena kwa sauti ambayo hata mimi siisikii, kisha narudi na sahani. "Hawapo," nasema. Mama ananitazama. "Umepiga hodi ngapi?" Moja. "Na moja ndiyo hodi? Piga tatu! Ukikosa jibu la tatu ndipo urudi, tena bila kinyongo." Nikirudi, jirani alikuwapo siku zote.

Alhamisi asubuhi joho lilikuwa limeshatandikwa kwenye fremu, jeusi, zito, ukingo wa kushoto ukiwa chini ya sindano. Tungeanzia chini, kwenye pindo, tupande mpaka shingoni. Nilisimama na kaunta buku kifuani.

"Ami," nikasema.

"Naam." Alikuwa anakaza parafujo.

"Ule wito wa cherehani..."

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Nikangoja. Akaingia bwana harusi na mikate ya ufuta, akaanza kumtania mama yake. Ami akacheka nao. Hakuna aliyenirudia, na mimi sikusema tena. Nilijiambia kwamba majaribio mawili yamepita. Nilijiambia ami anajua zaidi. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa mepesi kuliko kufungua mdomo mbele ya watu watatu.

Sindano ikaanza.

Niliyahesabu majani. Moja, mbili, tatu, zari inang'aa juu ya weusi, na kila jani lilipokwisha nilivuta pumzi. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso karibu na nguo. Nane. Tisa. Kumi. Katikati ya jani la kumi na moja cherehani ikanyamaza kidogo, muda wa mtu kumeza mate, kisha ikaendelea. Nikakijua kile kimya. Nilirukia kitufe chekundu cha kuisimamisha na kukigonga kwa kiganja.

Bi Mkubwa akapitisha kidole juu ya jani.

"Limehama," akasema.

Ami aligeuka, hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Ulikuwa unataka kusema nini?"

Swali lile bado nalisikia.

"Ulikuwa unajua?" Bi Mkubwa akaniuliza.

"Naam."

"Tangu lini?"

"Jana, baada ya Alasiri."

"Na ukasema?"

"Mara moja."

"Mara moja!" Alisimama. "Hata muuza bajia hapiti kichochoroni akaita mara moja! Nguo ya marehemu hii, mtoto, nguo ya marehemu! Sauti umeiweka wapi, umeikopesha?"

Bwana harusi akasema, "Mama, basi." Hakutania tena.

Sikulia. Nilitaka kuondoka, na miguu ilishageuka kuelekea mlangoni. Lakini ami akakaa mbele ya kompyuta akasema ataongeza subira mara tatu ya ile ya jana, tuanze tena, na nilipoona mkono wake unakwenda kwenye kibodi nikasema, "Ami, usifanye hivyo."

"Kwa nini?"

"Wito unapotea. Ukienda polepole utapotea mara chache, lakini utapotea." Nikafungua kaunta buku juu ya kibodi, juu ya vidole vyake. "Huyu dalali anavuta na kuachia. Aondoke. Na huyu wa kwanza naye aondoke."

"Waliotengeneza hii ni wasomi," ami akasema. "Kila kitu wamekiweka kwa sababu. Wewe utoe tu?"

Nilikuwa nimesema mara mbili.

"Labda ana sababu kwenye mashine nyingine," nikasema. "Hapa hana. Hapa cherehani ishike kamba yake yenyewe, ivute, isiachie mpaka prosesa iitikie. Nipishe, ami. Tafadhali."

Ami alimtazama Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa akamwambia, "Si umpishe?" Ami akanipa kiti.

Bi Mkubwa alilitoa joho kwenye fremu, akakaa nalo dirishani na sindano ndogo, akaanza kufumua jani la kumi na moja, uzi mmoja mmoja. Nilikuwa nausikia ukikatika. Mimi nikafuta. Sikuandika mengi, kazi kubwa ilikuwa kufuta: jedwali la dalali wa kwanza, hesabu za dalali wa pili, mistari zaidi ya mia. Mahali pake nikaweka kamba moja, kutoka cherehani mpaka prosesa, ambayo cherehani ya kubuni inakabidhiwa inapozaliwa, pale programu inapowashwa. Vuta. Basi. Kuachia nikakuacha.

Tukatia marikani. Nikawasha. Sindano ikaingia mshono mmoja, na kila kitu kikaganda. Kioo kiliganda, kibodi ikaganda.

"Tumekwisha," ami akasema kwa sauti ndogo.

Saa nzima nilisoma mistari yangu nikiipitia kwa kidole, ami akipumua juu ya bega langu. Halafu nikaliona, na lilikuwa la kitoto. Nilikuwa nimeogopa kuachia mapema mpaka sikuachia kabisa. Prosesa ilikuwa imeitikia, imefungua mlango, na cherehani bado inaita. Ikaitikia tena. Bado inaita. Ilikuwa inasema karibu, karibu, karibu, na haifanyi jambo jingine lolote. Nikaongeza mstari mmoja: prosesa ikishasoma jibu la cherehani, cherehani yenyewe ishushe kamba.

Nikaondoa pia subira yote ya ami. Akashtuka. "Mbio kabisa?"

"Mbio kabisa. Kama ni kupotea, ipotee kwenye marikani."

Majani arobaini yakapita. Bi Mkubwa akaja na miwani, akayapima kwa kidole moja moja, akasema, "Tena." Yakapita. "Tena." Yakapita mara ya tatu, na adhana ya Maghrib ikasikika, tukafunga.

Ijumaa asubuhi, jua bado halijafika kichochoroni, joho likarudi kwenye fremu. Jani la kumi na moja lilikuwa mahali patupu, na palikuwa na vitundu ambavyo zari ilipita, vidogo, lakini mwenye kujua anaviona. Cherehani isingeweza kurudi kwenye vitundu vilevile. Ami alitaka tuliruke tu jani lile. Bi Mkubwa akasema, "Anzeni la kumi na mbili. Hilo niachieni."

Sikukaa. Nilisimama na kiganja juu ya kitufe chekundu kuanzia jani la kumi na mbili mpaka la arobaini, na sijui kama nilipepesa macho. Sindano ilikwenda mbio kuliko siku zote. Kwenye jani la thelathini umeme ulififia kidogo, taa ya chumbani ikawa ya njano, nikasema moyoni sasa, sasa. Haikunyamaza. Thelathini na tisa. Arobaini. Kikonyo cha karafuu cha mwisho, pale shingoni, kisha cherehani ikasimama yenyewe, kwa sababu imemaliza.

Kiganja changu kilikuwa kimekufa ganzi. Ami akakiondoa kwenye kitufe, kidole kimoja kimoja.

Bi Mkubwa alilichukua joho, akakaa mlangoni penye mwanga, na mpaka wanaume wanakwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa alikuwa bado ameinama juu ya jani la kumi na moja, anashona kwa mkono. Nilimtilia uzi kwenye sindano mara sita. Mara ya sita akaniambia, bila kuinua uso, "Haya arobaini kasoro moja ni ya baba yake. Hili langu."

Alasiri tulisimama wanawake dirishani juu, bwana harusi akapita chini na watu wake. Lile jani lilikuwa nene kuliko mengine, limekaa chini ya goti la kushoto, na kila alipopiga hatua lilitokea mara moja na kupotea. Sidhani kama yupo mwingine aliyeliona. Bi Mkubwa alinibana mkono kwa nguvu mpaka nikaumia, na sikujua kama ananishukuru au bado ana hasira. Pengine vyote. Nguo ile ina vitundu ambavyo visingekuwapo kama ningefungua mdomo Alhamisi asubuhi, na jambo hilo halifutiki kama mistari ya programu.

Mistari ile niliyoipunguza, ami alinisaidia kuiandika vizuri, na tukawapelekea wenye programu huko mbali, tukaeleza kwa nini madalali wawili hawahitajiki kwa kifaa kama kile. Hawajajibu. Nikaandika tena baada ya mwezi. Bado. Imebaki ya tatu, nitaiandika nikimaliza hii.

Nanyi mnaosoma, kama kuna mwenye mashine ya zamani iliyobeba kitu cha mtu wake, au aliyewahi kuondoka mlangoni kabla ya kuitikiwa, niandikieni mniambie ilikuwaje. Mimi ni mzito wa kuandika, itanichukua siku kadhaa kujibu. Lakini nitajibu. Na msipoona jibu, andikeni tena.